Daftari la wazi: shajara ya mradi wa kuanika taarifa za nyumba na viwanja Mbeya

Mradi huu ni wa ofisi yetu ndogo ya udalali, Mbeya mjini. Tuko watatu: mimi, mzee aliyeanza kazi hii enzi Isyesye bado ni mashamba ya mahindi, na kijana aliyesomea upimaji. Kila nyumba na kila kiwanja tunachokishika tunakianika: bei ya kuanzia, bei ya mwisho, nyaraka, maji, barabara na kasoro. Vyote vinaingia kwenye faili moja ambalo yeyote anaweza kulichukua bure, hata dalali mwenzetu. Hayo ndiyo matangazo yetu. Bajeti ya redio hatuna, na mabango barabarani yamejaa mno kiasi kwamba hakuna anayeyasoma.

Februari

Tumekubaliana kuanza. Naandika sababu sasa, kabla kazi haijatuchanganya.

Anayetafuta nyumba Mbeya leo anategemea stetasi za WhatsApp na vibao vilivyopigiliwa kwenye nguzo. Anaona picha ya sebule, maneno "bei maelewano", na namba ya simu. Mtaa hautajwi. Akipiga simu anaambiwa aje aone, atoe na hela ya kuonyeshwa. Anapanda bajaji hadi Itezi, anakuta chumba ambacho kilishachukuliwa wiki iliyopita, au nyumba nzuri isiyo na tone la maji. Jioni anarudi mjini amechoka, hela imekwisha, na hamwamini dalali yeyote tena, pamoja na sisi ambao hatujamkosea kitu.

Dalali anaficha mtaa kwa sababu akiutaja mteja atamruka aende moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Bei anaificha kwa sababu ndani yake ameshaweka cha juu, nyongeza yake mwenyewe. Naelewa kwa nini anafanya hivyo, maana hata yeye ana watoto wa kusomesha. Lakini mji huu haufichiki tena. Sensa ya 2012 ilikuta watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, na ile ya 2022 ikakuta 541,603. Wengi wa walioongezeka ni wageni: watumishi waliohamishiwa, wanafunzi wa vyuo, watu wa biashara za Tunduma wanaotaka familia zikae mjini. Mgeni hana shangazi anayekaa mtaa wa Forest wa kumuuliza chumba cha pale kinapangishwa bei gani. Ofisi itakayompa mgeni huyo jibu kabla hajatoa hata shilingi ndiyo atakayoikumbuka siku ya kununua kiwanja.

Wazo lenyewe halikuzaliwa hapa. Kampuni za Marekani kama Zillow na Redfin huweka mafaili ya bei za nyumba yakapakuliwa bure. Waandishi wa habari na watafiti wanayatumia, wanataja yalikotoka, na jina la kampuni linasambaa bila kulipiwa tangazo. Kwa Uingereza na Wales serikali yenyewe hutoa bei iliyolipwa kwa kila nyumba iliyouzwa na kusajiliwa, kuanzia 1995. Ufaransa ilifungua data zake za mauzo mwaka 2019. Hapa kwetu bei ya mauziano inabaki kati ya muuzaji, mnunuzi, mashahidi na mkadiriaji wa kodi. Jirani aliyeuza mwaka jana atakutajia bei kulingana na anavyotaka umwone. Hapo ndipo penye nafasi yetu.

Machi

Mwezi wote umekwisha tukibishana kuhusu safu za faili. Wengine wataona ni kazi ya karani, lakini kwangu hapa ndipo mradi utakapopona au kufa, maana safu ndiyo swali, na mteja anakuja kwetu akitafuta majibu ya maswali yake.

Safu ya nyaraka ndiyo iliyotuchukua muda mrefu kuliko zote. Kwenye matangazo ya kawaida utasoma "kina hati" au "hakina hati", basi. Lakini kiwanja kinaweza kuwa na hati miliki kamili, iliyotolewa chini ya Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999, yenye miaka yake na jina lake. Kinaweza kuwa na barua ya toleo tu, ile tunayoiita ofa. Kinaweza kuwa kimepimwa na kupata namba na kitalu huku mwenyewe hajamalizia malipo ya hati. Kinaweza kuwa katika eneo la makazi yasiyopangwa ambako mtu ana leseni ya makazi, au ana karatasi za mauziano zilizopigwa muhuri wa serikali ya mtaa na hana kingine. Ukitoka nje ya mji kuelekea vijijini unakutana na hati miliki ya kimila, ambayo iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka uleule, na uuzaji wake una taratibu za halmashauri ya kijiji. Vyote hivyo dalali anaviita "nyaraka zipo". Kwetu kila kimoja kina neno lake kwenye safu, na pembeni tumeweka safu nyingine inayosema kama upekuzi, yaani kuangalia kwenye kumbukumbu za serikali mali ni ya nani, umefanyika kwa Msajili wa Hati, na tarehe yake. Kama haujafanyika tunaandika haujafanyika.

Safu ya pili niliyoipigania ni ya umbali. Tangazo lolote la kiwanja Mbeya litakwambia "dakika tano kutoka lami". Dakika tano za nani? Kijana wetu ameanza kutembea na simu yenye GPS kutoka ukingo wa lami hadi kwenye bikoni, jiwe la mpaka wa kiwanja, kwa njia ambayo gari linapita kweli. Njia ya mkato ya kupita katikati ya migomba ya watu haihesabiwi. Kwenye faili tunaandika mita. Nilikwenda naye Itezi baada ya mvua kubwa. Kiwanja ni kizuri, kimeinuka, ukisimama pale unaona mlima Loleza wote. Lakini kipande cha mwisho cha njia ni udongo mwekundu ulioteleza, na Noah moja ilikuwa imekwama hapo, vijana wanaweka mawe chini ya tairi. Kijana akapiga picha, akaandika kwenye simu: "Masika: gari dogo halifiki." Maneno hayo yameingia kwenye safu ya barabara kama yalivyo.

Kisha kuna mita za sheria. Mto na chanzo cha maji vina mita 60 zao ambazo haziruhusiwi shughuli za kudumu, kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004. Barabara kuu ina hifadhi ya mita 30 kila upande kuanzia katikati, kwa Sheria ya Barabara ya 2007. Mbeya ina vijito kila bonde, na barabara ya Zambia inapita katikati ya mji, kwa hiyo safu hizi mbili zinagusa mali nyingi. Tunapima na kuandika, na tunamwambia mteja wazi kwamba kipimo chetu ni cha kumwonya tu. Kipimo rasmi ni cha TANROADS, wakala wa barabara, na cha watu wa bonde la maji.

Kwa nyumba za kupanga tumeongeza jambo dogo ambalo huleta ugomvi mkubwa: LUKU. Tangu 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye umeme, na sasa ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mpangaji anaponunua umeme anaikuta imekatwa. Je, mwenye nyumba anamrudishia? Mita ni ya pamoja au ya kila chumba? Safu moja, maneno machache, na ugomvi wa kila mwisho wa mwezi umepungua.

Aprili

Bei. Mzee hakukubali haraka, na nisingetaka akubali haraka.

"Sasa mwanangu, ukishaandika bei ya mwenye mali waziwazi, mimi nakula nini?"

Swali lake ni la haki. Udalali wa kiwanja umekuwa ukiishi kwa cha juu: mwenye mali anasema anataka kumi na mbili, dalali anatangaza kumi na tano, na kilichozidi ni chake. Ukianika bei ya mwenye mali, cha juu kimekufa. Nikamwambia, mzee wangu, hicho cha juu kinatufukuzia wateja kuliko tunavyokila. Mnunuzi akigundua baadaye, na Mbeya watagundua tu kwa sababu muuzaji na mnunuzi watakutana kanisani, anakutangaza kwa ndugu zake wote. Tukakubaliana malipo yetu yaandikwe kwenye faili lenyewe kwa asilimia, yalipwe na muuzaji, na yasibadilike hata mnunuzi awe mgeni kiasi gani. Kwa kupanga tumebaki na desturi ya kodi ya mwezi mmoja, ila tumeifuta hela ya kuonyeshwa kabisa. Mtu ameshaona taarifa zote kabla, na akija kuona anakuja akiwa amedhamiria.

Kwa hiyo bei ina safu tatu: iliyotangazwa, iliyokubaliwa, na mwezi wa makubaliano. Hiyo ya katikati ndiyo dhahabu. Kila dalali anaweza kukupa bei ya kutangaza. Bei ambayo watu wawili wameketi wakakubaliana ndiyo inayomwambia mnunuzi wa kesho kwamba Nsalaga si Forest Mpya, na kwa kiasi gani. Mzee ana madaftari yake ya zamani, yale ya jalada gumu jeusi, yenye bei za mauziano aliyoyashuhudia kwa miaka mingi. Amekubali tuyaingize yale ambayo pande zote mbili zitaridhia. Kwa macho yangu hayo madaftari ni mtaji mkubwa kuliko ofisi tuliyopanga.

Mei

Kuanika data za mali ni jambo moja, kuanika watu ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na hata isingekuwepo tungelazimika kulifikiria hili. Jina la mwenye mali haliingii kwenye faili. Namba ya simu haiingii. Namba ya nyumba iliyopachikwa mlangoni wakati wa zoezi la anwani za makazi la 2022 haiingii, maana hiyo inampeleka mtu yeyote hadi kizingitini. Eneo tunaliandika kwa ngazi ya mtaa, na nukta ya ramani tunaisogeza ili ionyeshe ujirani tu. Mnunuzi aliyeamua anapewa kitalu na namba ya kiwanja akiwa amekaa mbele yetu, ili akafanye upekuzi wake mwenyewe.

Kuna mama mmoja wa Soweto aliyetaka kuuza nyumba ndogo ya nyuma. Tulimsomea fomu ya ridhaa kipengele kwa kipengele. Alipofika kwenye bei iliyokubaliwa akaweka kalamu chini.

"Hapana baba. Ndugu wa marehemu mume wangu wakiiona hiyo bei, nitapata wageni wa kila siku."

Nyumba ni yake, mirathi ilishafungwa, nyaraka zote safi. Ila hela ya mjane ikijulikana inapata wajomba. Tulikaa naye tukatafuta njia: bei iingie kwa viwango, kutoka kiasi fulani hadi kiasi fulani, iingie baada ya miezi kadhaa kupita, na isiunganishwe na mtaa wake, ibaki kwenye jumla ya kata. Akasaini. Sasa utaratibu huo umekuwa haki ya kila muuzaji, na tunamweleza kabla hajauliza. Nimeona wauzaji wanavyolegea wakishajua kwamba uwazi wetu una mpaka, na mpaka huo wanaushika wao.

Juni

Toleo la kwanza limetoka, baridi ikiwa imeushika mji kisawasawa.

Faili ni la CSV, linafunguka kwenye Excel na hata kwenye simu. Tumelipa leseni ya wazi ya CC BY 4.0: yeyote achukue, achapishe, atengenezee programu, hata auzie, sharti ni moja tu, ataje limetoka kwetu. Sharti hilo ndilo mkakati wote wa matangazo. Kila mtu anayelitumia faili anabeba jina letu mahali ambapo sisi tusingefika. Ramani ya chini tumetumia ya OpenStreetMap, ramani ya wazi inayochorwa na watu wa kujitolea, ambayo nayo ina leseni yake na tumeitaja inavyotakiwa. Kazi ya Ramani Huria kule Dar es Salaam, iliyoanza 2015 kwa kuchora mitaa inayopata mafuriko, ilishatuonyesha kwamba wanafunzi na wakazi wakipewa mafunzo wanaweza kuchora mji wao vizuri.

Lakini CSV haimfikii mama anayeuza vitenge Mwanjelwa. Kwa hiyo toleo hilohilo tumelichapa kwenye karatasi, mstari mmoja mali moja, herufi kubwa, na kulibandika Kabwe, Mwanjelwa, Uyole na karibu na stesheni ya TAZARA. Picha ya karatasi hiyo ndiyo inayozunguka kwenye magrupu. Ukitaka data yako isambae Mbeya, ipe umbo la picha ya WhatsApp. Faili litafuata kwa wanaolihitaji.

Julai na Agosti

Yaliyotokea ni mengi, naandika yale yenye uzito.

Simu zimebadilika. Zamani mteja alianza na "mna nyumba?" Sasa anaanza na mstari. Mtumishi mmoja aliyeko Dar es Salaam, anahamishiwa huku, alisema: "Naulizia ile ya Iwambi, yenye kisima na mita ya pamoja. Hiyo mita mnaweza kuitenganisha?" Nusu ya kazi ilikuwa imeshafanyika kabla hajashika simu.

Kiwanja chenye kasoro kimeuzika. Ni kile cha upande wa Nzovwe ambacho sehemu yake ya chini inaingia kwenye mita 60 za kijito. Mwenyewe alishapeleka kwa madalali wengine, wakawa wanawapeleka wateja wakati wa kiangazi na kukwepa kuutaja mto. Kwetu mto umeandikwa kwenye safu, pamoja na mita za mraba zinazobaki kwa kujenga. Aliyenunua alikuja na fundi, wakapima sehemu ya juu, wakaona nyumba yake inaenea. Aliomba bei ishuke kwa sababu ya ile sehemu ya chini, na muuzaji alikubali kwa sababu ilikuwa imeandikwa na hakuna wa kumshangaza mwenzake. Bei ya makubaliano imeingia kwenye faili.

Wapo walioondoka. Mwenye apatimenti fulani alisema safu ya maji inamharibia biashara, akatoa mali yake. Ana haki. Hatukumbembeleza kwa kulainisha maneno, maana siku tutakapolainisha safu moja, nyingine zote zinakuwa matangazo ya kawaida.

Dalali mmoja wa mjini alichukua orodha yetu nzima akaipandisha kwenye ukurasa wake bila jina letu. Mzee alimpigia, wakasalimiana vizuri, akamweleza: mdogo wangu, endelea kuitumia, hata kesho chukua mpya, ila weka jina. Akaweka. Sasa wateja wake wakitaka uhakika wanapiga kwetu, na wengine wanakuja na mali zao. Kijana alikuwa ameshauri tufunge faili kwa neno la siri. Kwa maoni yangu huyo dalali ametufanyia matangazo ambayo tusingeweza kuyalipia.

Wakazi nao wameanza kusahihisha. Ujumbe kutoka Iganzo: "Mmeandika maji kila siku. Huku ni mgao, yanatoka usiku, mara mbili kwa wiki." Tukaenda, tukauliza nyumba za jirani, tukabadilisha safu na kuandika tarehe. Kwangu huu ndio ushahidi wa nguvu kwamba watu wanaliona daftari kuwa lao. Mtu hapotezi bando kusahihisha tangazo la dalali.

Na kuna upanuzi wa barabara ya njia nne kati ya Nsalaga na Ifisi. Watu wa kandokando wanataka kujua nani yuko ndani ya hifadhi na nani yuko nje, na matapeli wanauza vipande vilivyo ndani kwa bei ya kutupa. Safu yetu ya mita kutoka katikati ya barabara imekuwa ikipakuliwa na watu ambao hawana nia ya kununua chochote kwetu. Vizuri tu. Leo anaangalia usalama wa fremu yake, na akitaka kuuza anajua ofisi ipi inapima kabla ya kusifia.

Septemba

Kazi ya mwezi huu ni uhakiki. Data ya nyumba inachacha haraka: chumba kinapangishwa, mita inatenganishwa, kijito kinakula ukingo. Kila mstari sasa una safu ya "imehakikiwa lini", na uliopitisha miezi 6 bila mtu kwenda unatolewa kwenye faili mpaka aende. Faili limepungua urefu. Limeongezeka thamani.

Wanafunzi wapya wa MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, wanakaribia kuingia, kwa hiyo kijana ameelekea Iyunga na Ikuti kuhakiki vyumba: kodi kwa mwezi, inalipwa kwa miezi mingapi mbele, choo cha ndani au cha nje, geti linafungwa saa ngapi. Hilo la mwisho limeombwa na wazazi. Wenye nyumba wengi wa huko wamekubali bila shida, kwa sababu mpangaji anayekuja akijua masharti ya geti hamgombezi mtu.

Kabla ya Novemba, mvua zitakapoanza, njia zote zilizoandikwa "gari linafika" wakati wa kiangazi zitapitiwa upya.

Mzee ameanza mazungumzo na dalali mwenzake wa Tukuyu, rafiki yake wa muda mrefu, ili daftari lifike Rungwe. Huko viwanja vingi viko katikati ya chai na migomba, na safu ya nyaraka itahitaji maneno zaidi kuliko tuliyonayo. Rafiki yake anataka faili, anataka ramani, anataka na jina letu, ila ameomba tufiche bei iliyokubaliwa, angalau kwa mwaka wa kwanza. Mzee amemjibu mwenyewe, bila kuniuliza: safu hiyo ndiyo daftari, asipoiweka aanzishe lake.